Mwaka wa Breki za Mawese

Lugano tulimzika Busale siku ya Jumanne, na leo Ijumaa magoti yangu bado yanauma kwa kukalishwa kutwa nzima kwenye kiti cha plastiki. Nilikwenda msibani kwa bajaji. Kijana aliyenichukua kutoka Kyela aliteremka kuelekea darajani huku anaongea na simu, mguu wake uko mbali na breki kana kwamba breki ni ya jirani, nikamwambia asimame nishuke nitembee. Akacheka, akaniita babu mwoga. Hakukosea. Mimi ni fundi wa magari niliyestaafu, nimefunga breki za magari nisiyoweza kuyahesabu tena, na sidhani kama wilaya hii ina mtu anayeogopa breki kunizidi. Uoga huo una mwaka wake. Wajukuu wangu nimewasimulia mengi ya enzi za Mwingereza, meli ya Itungi, kodi ya kichwa, ngoma za mavuno, lakini mwaka huo nilikuwa nauruka. Sasa Lugano hayupo, na mjane wake, Tupokigwe, amenieleza jambo pale msibani ambalo halinipi usingizi. Kwa hiyo nauandika mwaka wenyewe, nikiwa bado nakumbuka nani alisema nini.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, alikaa Tukuyu, na Kyela yetu ilikuwa safu ya maduka ya bati na miti michache. Mimi na Lugano tulikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, mimi fundi, yeye dereva, wote wawili tukimfanyia kazi Bwana Salehe, mnunuzi wa mpunga ambaye baba yake alitoka Kilwa, lakini yeye alizaliwa huku huku na kwa matusi ya Kinyakyusa alitushinda wote. Tulilala chumba kimoja nyuma ya ghala. Kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, dirisha la mbao lisilofunga, na ukutani tulitundika mikanda ya feni, mipira ya ndani ya tairi na shati la kanisani la Lugano. Kila kitu kilinuka mpunga na grisi, hata shati lile. Mchana mke wa Bwana Salehe, Bi Zuhura, alituletea sinia la wali, samaki wa ziwani akipatikana, na maharage yaliyoungwa kwa mawese mpaka wali unageuka rangi. Nilikula mawese kila siku ya Mungu na sikuwahi kuyafikiria zaidi ya hapo. Lugano alikuwa ameoa mwaka uliotangulia. Mkewe alikaa Busale kwa wakwe, naye alikwenda huko kila Jumamosi kwa miguu, akirudi Jumapili jioni ananuka sabuni, na mimi nikimtania mpaka ananitupia kiatu.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya jeshi ambayo Bwana Salehe aliipata Mbeya kwenye mnada. Atakayekwambia analijua bonde la Kyela, muulize kama ameliona masika. Mvua zikikolea, barabara ya Katumba Songwe haionekani, malori yote yanalala, na mpunga unabaki kwa wakulima ukiota ukungu. Bwana Salehe alitaka gari litakalopita wakati wengine wamekaa, na mimi, kwa kuwa sikujua bado kusema siwezi, nikamwambia nitalinyanyua. Niliongeza majani ya springi niliyoyatoa kwenye lori lililokufa, na kati ya springi na ekseli nikaweka vipande vya mninga nilivyovichonga mwenyewe. Likasimama juu hivi kwamba mbuzi wa Bi Zuhura walijikinga mvua chini yake. Watu wakaliita Twiga. Masika ile Twiga ilikuwa gari pekee lililofika Katumba Songwe, na mimi nilitembea sokoni kifua mbele, nikisalimiwa na wazee walionizidi umri mara tatu.

Kosa lilikuwa limeshajificha humo. Gari ukilinyanyua, unalitenga na magurudumu yake, na breki hazijui kama umelinyanyua. Mafuta ya breki hutoka juu kwenye fremu kwa bomba la shaba, halafu huvuka kwenda kwenye gurudumu kwa mpira mfupi unaopinda gari linapopinda. Mipira ile ilikuwa ya urefu wa zamani. Gari likiwa bapa ilifika, ila kwa kunyooka. Gurudumu likidumbukia shimoni mpira ulikazika mpaka unaona nyufa. Waya wa breki ya mkono ndio haukufika kabisa, nikauondoa, nikasema tutaishi bila huo. Bondeni hakuna mteremko, matope yenyewe yanasimamisha gari, kwa hiyo masika yote hakuna aliyelalamika. Mwezi wa sita mpunga ulipovunwa, Bwana Salehe akapata mnunuzi Tukuyu. Tukuyu ni mlimani. Kupanda huko si tabu. Tabu ni kuteremka, kilomita juu ya kilomita, kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa udongo na upande wa pili vilele vya migomba ya watu walio chini yako.

Lugano akalala chini ya gari, akaitazama mipira ile, akatoka akajipangusa vumbi na kumwambia Bwana Salehe kwamba haendi. Hakuwa mtu wa maneno mengi na hakuwahi kukataa kazi, kwa hiyo Bwana Salehe alimsikiliza. Tupokigwe alikuwa amejifungua katika hospitali ya misheni huko juu, baada ya uchungu wa siku mbili na mimba mbili zilizokwishaharibika, na Lugano alipanga kumrudisha nyumbani na mtoto katika safari hiyo hiyo. Alisema hawezi kumteremsha mtoto kwa mipira inayochungulia kukatika. Basi wote wawili wakanitazama mimi. Nikasema siku nne. Kwa kweli kazi hiyo ilitaka wiki, lakini nilikuwa yule wa kifua mbele.

Nilifanya kazi nzuri, na hilo nitalisema hata mbele ya kaburi la Lugano. Kwenye lori lile lililokufa nilipata mipira mirefu ambayo ilikuwa bado laini. Nilikata mabomba ya shaba, nikayaunga, nikayapitisha upya kwenye fremu nikiyafunga kwa vibanio ili yasisuguliwe. Nilinyanyua kila gurudumu mpaka likaning'inia, nikageuza usukani huku na huku, nikaona mpira unalegea na kupinda bila kuvutwa. Siku ya nne, kama saa kumi jioni, ilibaki kujaza mafuta na kutoa upepo kwenye mabomba. Mafuta ya breki tulikuwa na kopo moja tu, na lingine lilikuwa Mbeya. Niliposimama kuchukua spana, mguu wangu ukalipiga kopo. Lilianguka bila kelele. Mchanga wa Kyela unavyokunywa unajua mwenyewe. Kabla sijainama, palibaki doa.

Sasa nieleze ujinga wangu vizuri, kwa sababu haukuwa ujinga wa mtu asiyejua kitu. Mtu asiyejua kitu angemwambia Lugano kwamba kopo limemwagika. Mimi nilifundishwa kazi Mbeya na mzee mmoja aliyekuwa askari fundi vitani Burma, na mzee huyo aliniambia kwamba mafuta ya breki hutengenezwa kwa mbegu za mbarika, kwamba mafuta ya injini huivimbisha mipira lakini ya mmea hupatana nayo. Mbarika sikuwa nayo. Lakini mmea ni mmea, nikajiambia. Jikoni kwa Bi Zuhura kulikuwa na mtungi wa mawese umekaa karibu na moto. Niliteka yale ya juu, mepesi na mekundu, nikayachuja kwa kitambaa mara tatu, nikajaza. Nikamwita mtoto wa dukani akanyage wakati mimi natoa upepo. Nikalipeleka gari mpaka sokoni na kurudi, nikikanyaga breki kwa nguvu kila hatua ishirini, na lilisimama palepale, magurudumu yote manne, vumbi likinipita mbele. Kwa joto lile la Kyela mawese yalifanya kazi kama kitu halali. Lugano alipoliendesha alitabasamu, akanipiga begani, akasema ndaga fijo, asante sana. Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo, nikamwambia amsalimie shemeji.

Aliondoka Alhamisi asubuhi na magunia. Alhamisi na Ijumaa alale Tukuyu, Jumamosi mapema ateremke na mkewe, mtoto, na abiria wengine. Ijumaa mchana nilikuwa nakula nyuma ya ghala, mgongo wangu ukiwa umeegemea ukuta, na upande wa pili wa ukuta huo wanawake wawili kutoka Tukuyu walikuwa wananunua mawese kwa Bi Zuhura. Walizungumza Kinyakyusa cha mlimani, taratibu, kuhusu bei, kuhusu mume wa mmoja wao, kuhusu baridi. Halafu Bi Zuhura akawapa chupa, na mmoja akakataa. Alisema msimu huu hawachukui chupa, awape debe lenye mdomo mpana, kwa sababu huko kwao mawese yanaganda hayatoki, unatikisa chupa mpaka mkono unauma, inabidi uyachote kwa kijiko. Mwenzake akacheka, akaongeza kwamba asubuhi yanakuwa magumu hata kijiko kinapinda.

Nilikuwa na tonge mkononi. Nililitazama, wali mwekundu, mafuta yanang'aa kwenye vidole vyangu, na nikaona bomba la shaba lisilozidi unene wa kalamu limejaa kitu hicho hicho kimeganda. Mafuta yaliyoganda hayasukumi chochote. Utakanyaga, na kanyagio litakataa kushuka, na gurudumu halitajua kama umekanyaga. Tena kuna ubaya zaidi ambao dereva yeyote ataniunga mkono. Breki zenye upepo ndani huwa laini, na breki nzuri huwa ngumu mguuni. Lugano angekanyaga asubuhi pale uwanjani, akute kanyagio ni gumu, amsifu Ambokile fundi wake, yaani mimi, ampakie mtoto wake.

Nilimwendea Bwana Salehe kuomba baiskeli ya duka. Aliuliza ya nini. Nikasema nimesahau kukaza nati. Unaona jinsi uongo unavyopenda wenzake. Akasema nati gani hiyo inayomtoa mtu jasho hivyo, lakini akanipa. Niliendesha mpaka pale barabara inapoanza kupanda, kisha nikawa nasukuma. Kila lori lililoteremka nilishuka pembeni na kuliangalia, nikisali lisiwe Twiga. Giza lilinikuta kwa mwalimu mmoja wa kanisa, akanipa ugali na maziwa ya mgando, na kwa mara ya kwanza nikaomba blanketi mwezi wa sita. Alfajiri nilipotoka, pumzi yangu ilionekana. Nikasukuma baiskeli nikikimbia.

Nilisikia wimbo kabla ya injini. Wanawake walikuwa juu ya bodi, wanamwimbia mtoto anayepelekwa nyumbani. Kisha Twiga ikatokea kwenye kona ya juu yangu, ndefu, polepole, Lugano akiwa ameishikilia kwenye gia ya pili kama ilivyokuwa kawaida yake ya uangalifu. Baadaye nilielewa kwamba tangu uwanjani Tukuyu hakuwa amekanyaga breki kwa haja. Gia ilimtosha, mteremko ulikuwa bado mpole. Lakini mimi nilikuwa nimebeba onyo langu tangu jana na sikujua kufanya nalo kingine. Nilitupa baiskeli, nikasimama katikati ya barabara na kupunga mikono yote miwili. Lugano aliniona, akatabasamu, akakanyaga breki ili anisimamie.

Nililiona tabasamu hilo likitoka. Kioo kilikuwa safi, sisi tulikikosha kwa magazeti. Nilimwona akiinuka kidogo kitini kwa kukanyaga kwa uzito wake wote, nikamwona Tupokigwe pembeni yake akimkumbatia mtoto kifuani, na gari halikupungua hata kidogo. Niliruka mtaroni. Lilinipita, na bado wale wa juu walikuwa wanaimba. Mbele yangu barabara ilikunja kulia, na kulia ndiko kulikokuwa na migomba chini. Lugano akakata kushoto, akalipeleka ubavu wa gari kwenye ukuta wa udongo. Likasugua, likakwaruza, likang'oa kitasa cha mlango na kioo cha pembeni, magunia matupu na watu vikaanguka pamoja, na mwishowe likasimama limeinama, vumbi na udongo vikimiminika juu ya boneti. Mama mmoja wa Kikisi, kabila la wafinyanzi wa ziwani, aliyekuwa ametoka kuuza vyungu aliumia mkono. Wengine walichubuka. Mtoto alikuwa analia, na sijawahi kufurahia kilio namna hiyo.

Lugano alishuka upande wa pili. Hakuuliza nafanya nini pale. Alichukua spana, akaingia chini ya gari, akalegeza skrubu ya kutolea upepo kwenye gurudumu la mbele. Nilisimama nikiangalia miguu yake. Alipotoka alikuwa na kitu kwenye ncha ya kidole, cha manjano, kimekaza kama nta. Akakinusa. Watu walikuwa wametuzunguka, na mimi nikasema palepale mbele yao, kwa sauti iliyonitoka vibaya, kwamba kopo lilimwagika, kwamba nilijaza mawese, kwamba sikujua yanaganda. Nilitegemea anipige. Nilitaka anipige. Alipangusa kile kidole kwenye suruali.

"Umemfungia mwanangu breki kwa mboga," alisema.

Tupokigwe alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara anamkagua mtoto kidole kwa kidole, na hakuinua uso. Abiria mmoja akashauri tuwashe moto chini ya mabomba yayeyuke. Lugano akamwonyesha tangi la petroli, mtu yule akanyamaza. Kuliacha gari hapo hakukuwezekana, lilikuwa limeziba barabara na gari la serikali lilitarajiwa siku hiyo. Lugano akawaambia abiria wote watembee. Tulilisukuma likatoka ukutani huku tumeweka mawe kwenye magurudumu, tukakata mkaratusi na kuufunga kwa kamba nyuma ili uburuzwe, uzito wake utushikilie. Kisha akanigeukia.

"Wewe panda."

Nilipanda pale alipokuwa ameketi Tupokigwe. Kulikuwa na kitambaa cha mtoto kwenye kiti, nikakishika kwa kuwa sikujua nikiweke wapi. Lugano akatoa mawe, akaruka ndani, akaweka gia ya kwanza, na tukaanza. Sijui kama umewahi kukaa ndani ya gari lisilo na breki kwenye mteremko. Kinachotisha ni kwamba mwendo ni wa polepole. Unapata nafasi ya kuona kila kitu, nyumba, mtu anayechota maji, mbwa, na kufikiria kuhusu kila kimoja. Injini ililia, gogo likakwaruza nyuma yetu. Kwenye kona ya pili gia ilichomoka. Ilikuwa na tabia hiyo, nilijua, nilikuwa nimepanga kuitengeneza siku moja. Kwa muda wa pumzi mbili tulikuwa hatushikiliwi na chochote isipokuwa mti ule wa nyuma, na Twiga ikaanza kukimbia. Lugano akairudisha kwa kishindo kilichonipiga kichwa kwenye kioo. Akasema, "Shika gia." Nikaishika kwa mikono miwili na goti, nikiikandamiza ikae, na ikawa inatetemeka ikitaka kutoka, njia nzima, kama mnyama anayejua kwamba utachoka. Nilimsikia akihesabu kona kwa Kinyakyusa, chini kwa chini, na nilijua anazijua zote, na mimi pia nilizijua, na kila alipotaja moja niliona bado ngapi.

Joto lilitupokea kidogo kidogo. Kwanza jasho la hofu likawa jasho la kawaida. Migomba ikawa mirefu, hewa ikawa nzito. Lugano alikuwa na desturi ya kukanyaga kila baada ya kona, si kwa matumaini, ni mguu tu uliozoea, na kila mara goti lake lilibaki limekaza juu. Halafu mahali fulani, kabla ya kona ya mwisho kubwa, niliona goti lile likishuka. Gari likasita. Akakanyaga tena, na Twiga ikasimama katikati ya mteremko, kimya, kwa utii. "Zimerudi," nikasema. Nilikuwa nacheka, Mungu anisamehe, nilijisikia kama mtu aliyefanya jambo zuri. Lugano alizima injini, akaweka mawe chini ya magurudumu, akaenda kuketi kwenye majani akinipa mgongo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilibaki garini nimeshika ile gia ingawa haikuwa na haja tena.

Wale watembeao walitufikia baada ya muda mrefu. Tupokigwe alikuwa wa mwisho, mtoto mgongoni, miguu imevimba. Lugano alimwendea, wakasemezana jambo dogo nisilolisikia. Yule mama wa Kikisi na wazee wawili walipanda. Tupokigwe alipita gari bila kuligusa na akaendelea na barabara, na mumewe akaliendesha nyuma yake kwa mwendo wa miguu yake mpaka bondeni.

Bwana Salehe nilimweleza mwenyewe, jioni ile, kabla hajaambiwa. Alitukana kwa lugha zote mbili, kisha akakaa chini, akaniuliza kama ningependa yeye ndiye awazike. Hakunifukuza. Aliagiza mafuta na mipira mipya Mbeya, ikachukua wiki tatu, na Twiga ikakaa juu ya mawe. Vilipofika nilifungua kila kitu. Nilimwaga mawese, nikasafisha mabomba kwa spiriti mpaka yakatoa harufu ya hospitali, nikabadilisha mipira yote, hata ile niliyoifunga vizuri, na nikarefusha waya wa breki ya mkono. Lugano aliweka kiti karibu, akakaa amekunja mikono siku mbili nzima akinitazama vidole. Kopo la mafuta alilishika yeye mapajani. Siku ya tatu tulipanda Tukuyu sisi wawili, tukalala huko kwenye baridi, asubuhi tukateremka, na kila kona alikanyaga, na kila kona Twiga ilisimama. Karibu na bondeni alianza kupiga mluzi. Nikajua yamekwisha.

Niliamini hivyo kwa zaidi ya miaka hamsini, na nilikuwa na sababu. Tulirudi kula sinia moja. Aliendesha Twiga kila siku miaka kumi na mmoja, kwa breki zangu, na hakuna kitu alichoruhusu mwingine akiguse. Alisimama upande wangu nilipooa, nami nilimzika mama yake. Jambo moja tu lilibaki la kuchekesha, kwamba Tupokigwe hakupanda gari letu tena. Alisema harufu ya petroli inamtapisha. Mvua inyeshe, jua liwake, alitembea kutoka Busale na mtoto mgongoni, baadaye akimshika mkono, na sisi tukiwapita barabarani. Nilimtania kwa hilo maisha yetu yote. Nikimpita nilitoa kichwa dirishani nikamuuliza kama tumwekee ndoo. Alicheka, akanipungia mkono tupite.

Jumanne, baada ya mazishi, aliniita ndani alipokuwa ameketi mkekani na wanawake. Walituletea wali na maharage. Nilitaka kumchangamsha kidogo, nikamwambia nimekuja kwa bajaji, na njiani nilimkumbuka yeye na kichefuchefu chake. Hakucheka. Alisogeza sahani.

"Shemeji, mimi sijawahi kutapika kwenye gari," alisema. "Maneno yale alinipa Lugano. Alitaka usijue."

Nilimuuliza alikatazwa kupanda mpaka lini. Akasema mpaka Bwana Salehe alipoliuza. Nikasema, kama mtu anayejitetea barazani, kwamba Lugano mwenyewe alipanda kila siku.

"Yeye ndiyo. Alikupenda, alisema hawezi kukukataa." Alitazama mlangoni, ambako mwanawe Gwamaka alikuwa anawapangia watu viti. "Lakini mtoto tulikuwa naye mmoja."

Tulimaliza chakula. Gwamaka ana mvi sasa. Jioni alinifungulia mlango wa gari lake, akanishika kiwiko nikapanda, akanifunga mkanda mwenyewe, na akanirudisha Kyela polepole.